UZI: Staili za flatlandi ya BMX na namna ya kuzirekodi, kamera zinatuangusha

TairiLaMbele (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam, poleni na majukumu. Hili jambo nimekaa nalo muda mrefu, leo acha nilitoe. Flatlandi kwa upande wa waendeshaji imefika pazuri sana, watu wanafanya vitu ambavyo zamani ungesimuliwa ungebisha, ila ukija kwenye video unakuta mtu kapiga kombo (triki kadhaa zilizounganishwa) safi kabisa halafu aliyeshika kamera kamkata miguu, au kavuta picha usoni wakati kazi yote iko kwenye pegi (vile vyuma vifupi vya kukanyagia pembeni ya tairi), au mbaya zaidi kaikata kombo katikati akabandika slomo (mwendo wa taratibu) na muziki, sasa hapo hujui tena jamaa aligusa chini au hakugusa.

Kwa wageni wa hii kitu, flatlandi ni ile BMX ya sehemu tambarare, hakuna rampu hakuna ngazi hakuna reli, ni wewe na baiskeli ya tairi za inchi 20 yenye pegi nne na sakafu basi. Triki moja moja siyo ishu kubwa, ishu ni unatokaje kwenye triki hii kwenda ile bila kuweka mguu chini. Huko kutoka na kuingia ndiyo tunaita swichi, na msimamo wangu mimi ni kwamba staili ya mtu inakaa kwenye swichi, kwenye triki haikai. Chukua watu wawili wote wamesimama mguu mmoja kwenye pegi ya mbele, tairi la nyuma liko juu, ukipiga picha ya mnato hutawatofautisha. Sasa rudisha nyuma uangalie walivyofika pale, mmoja kaachia usukani mapema akadaka kiti huku mguu bado uko hewani unatafuta pegi, mwingine kasubiri mguu ukae kwanza ndiyo mkono ukahama. Hao ni waendeshaji wawili tofauti kabisa na hiyo tofauti yote imepita ndani ya nusu sekunde.

Kwa hiyo kamera kazi yake ni kulinda hiyo nusu sekunde. Karibuni tuongee.

KidoleGumba

Mkuu uzi mzuri, ila sisi wengine tunaangalia tu kwa sababu inavutia, ungetufafanulia hizo staili kwanza ziko ngapi na zinatofautianaje maana mimi naona wote wanazunguka tu.

TairiLaMbele

KidoleGumba swali zuri, idadi sikupi maana kila mtu anazigawa kivyake ila nitakwambia zile ambazo ukishazijua macho yanafunguka.

Ya kwanza ni kusugua, yaani skafu. Mwendeshaji anaweka mguu kwenye tairi lenyewe analisukuma kwa soli kidogo kidogo ili liendelee kuzunguka au lisimame. Mwendo unakuja kwa vipande, mguu unaenda unarudi. Watu wengine wanaidharau wanaona ya kizamani, mimi hapana, mtu anayesugua vizuri mguu wake ni mwepesi kiasi kwamba baiskeli haitikisiki.

Ya pili ni kubingiria, unaingia na spidi yako, unapanda kwenye triki, unaiacha baiskeli itembee yenyewe. Hengi faivu ndiyo mfano wa wazi, mguu mmoja kwenye pegi ya mbele, mwingine unaning'inia, tairi la nyuma juu, mikono yote miwili kwenye usukani, baiskeli inakwenda mbele kwa tairi moja na hakuna kinachoisukuma.

Ya tatu ni kupampu. Hapa mguu haugusi tairi, mwendo unautengeneza kwa mwili, unarusha uzito wa bega na nyonga kwa wakati wake na lile duara linapata nguvu mpya. Ikifanywa vizuri mtazamaji haoni nguvu inatoka wapi. Mwendeshaji Chase Gouin ni jina ambalo lazima litajwe ukiongelea huku.

Ya nne ni mzunguko wa kasi, duara linabana mpaka baiskeli na mtu vinakuwa kama pia ya kuchezea watoto. Taimu mashini iko huku, umesimama pegi ya nyuma, mkono mmoja usukani, mwingine umeenda kushika pegi ya mbele, tairi la mbele liko hewani na wewe unazunguka. Martti Kuoppala wa Ufini alifanya watu wengi wapende hii njia ya spidi.

Halafu kuna suala la breki ambalo linapita katikati ya zote. Mwenye breki anaweza kufunga tairi ghafla akautumia ule mshtuko kuinua baiskeli au kuigeuza, kwa hiyo kombo yake ina vituo. Asiye na breki hana pa kusimamia, kila kitu lazima kiendelee kutembea, kosa dogo la mapema linamfuata mpaka mwisho. Wengi wa juu siku hizi wako bila breki, Matthias Dandois wa Ufaransa mmojawapo. Wala sisemi moja ni bora, nasema zinaonekana tofauti na zinatakiwa zirekodiwe tofauti.

ZamaZaVHS

Naomba niongezee upande wa historia maana vijana wengi wanadhani hii imeanza na simu.

Miaka ya mwisho ya 70 kule California akina Bob Haro walianza kufanya triki na BMX ambazo zilikuwa za mbio, baadaye wakaja akina R.L. Osborn wakawa wanafanya maonyesho ya timu. Mpaka katikati ya miaka ya 80 triki nyingi zilikuwa za kusimama papo hapo, unashika breki unabalansi, unarukaruka, unazungusha usukani, na hapo ndipo jairo, kile kifaa cha Brian Scura cha kuunganisha waya za breki, ilisaidia sana kwa sababu usukani ukawa unazunguka mzima bila waya za breki kujisokota. Angalia sasa, triki za kusimama zilipendwa na magazeti kwa sababu zinakaa vizuri kwenye picha ya mnato! Mpiga picha anapiga, mtu katulia, picha inauzika.

Halafu York, Pennsylvania, wakatokea Kevin Jones na wenzake wa kundi la Plywood Hoods. Jones akaanza kuzibingirisha hizi triki na kuziunganisha na hapo mchezo ukageuka. Picha ya mnato ikawa haitoshi tena, ukimpiga picha mtu anayebingiria unaona tu mtu yuko kwenye mkao wa ajabu, hujui ametoka wapi na anaenda wapi. Ndiyo maana zile kanda za Dorkin' in York zilizoanza 1988, ambazo Mark Eaton alikuwa anazitengeneza, zilikuwa na nguvu vile. Zilikuwa kanda za VHS za marafiki, zikapita mkono kwa mkono, na watu wa mbali wakajifunza kwa kurudisha nyuma mkanda na kuangalia tena mguu unaingiaje. Yaani kwa mara ya kwanza swichi yenyewe ikawa inasafiri. Kwa hiyo mwanzisha uzi anachosema kina mizizi, video ndiyo iliyobeba flatlandi ya kubingiria, bila video ile staili ingebaki York.

LenziNdefu

Mimi narekodi zaidi kuliko ninavyoendesha, na kuna sehemu nitatofautiana na mwanzisha uzi.

Umesema slomo ni mbaya. Siyo kweli moja kwa moja. Kuna swichi ambazo kwa spidi ya kawaida jicho la mtu asiyeendesha haliwezi kuzishika. Teilwipu ya haraka kwa mfano, mguu uko kwenye tairi la mbele fremu ya baiskeli inapiga duara zima kuzunguka usukani na mtu anaidaka, mgeni anaona kivuli tu. Ukimpa slomo anaelewa kilichotokea na anaheshimu. Tatizo ni pale slomo inapochukua nafasi ya klipu yenyewe. Mimi naweka kombo nzima kwanza kwa spidi yake, bila kukata, mwanzo mpaka mtu anaondoka akiwa juu ya pedali, halafu ndiyo narudia kipande kimoja taratibu.

Na fishai pia, ile lenzi pana sana inayopinda picha, watu wanaitumia vibaya. Imetoka kwenye skeitibodi ambako mtu anaruka na unataka ngazi zionekane kubwa. Kwenye flatlandi ukikaa karibu na fishai, tairi lililo karibu nawe linavimba, lililo mbali linakuwa kama sarafu, na kila anapozunguka vinabadilishana, kwa hiyo duara ambalo ni safi kabisa linaonekana limepinda. Lenzi ya kawaida, hatua kadhaa nyuma, duara linabaki duara.

TairiLaMbele

LenziNdefu hapo kwenye slomo nimekuelewa na nakubali utaratibu wako, nzima kwanza kipande baadaye. Nilichokuwa nakilalamikia ni ile ya kuanza spidi ya kawaida, inapofika kwenye swichi inapungua, halafu inarudi. Hiyo inaua mapigo. Staili ya kupampu hasa, uzuri wake ni ule mdundo wa mwili, pampu, tulia, pampu, tulia, ukiuvuruga umebakiza mikao mitupu.

Kwenye fishai ningekupinga kidogo, kwa mtu wa mzunguko wa kasi mahali pamoja inaweza kukaa vizuri kama iko chini na katikati ya fremu, kwa sababu yeye hasogei kwenda mbali na kurudi. Ila kwa duara kubwa na mstari ulionyooka hapana, hapo tuko pamoja.

PegiNne

Kaka zangu habari za humu. Mimi ni mwendeshaji, nasugua na nabingiria, breki ya mbele bado ninayo na siitoi. Nina mawili.

La kwanza upande wa kusimama. Warekodi wengi wanasimama pale penye mwanga mzuri bila kuuliza mguu unakaa pegi gani. Kama hengi faivu yangu naifanya kwa pegi ya kushoto halafu wewe uko kulia kwangu, unachorekodi ni mguu unaoning'inia na tairi, kazi yenyewe imejificha nyuma ya uma wa mbele. Kwenye duara ndiyo inakuwa ngumu zaidi, ukisimama katikati ya duara unaniona upande wa ndani tu mwanzo mpaka mwisho, kama pegi ninayotumia ni ya nje basi hutaiona kamwe, yaani kombo nzima utarekodi mgongo wa mguu. Muulize mtu kabla, inachukua sekunde chache tu, "unaishia pegi gani, unatoka upande gani".

La pili ni sauti. Jamani sauti! Kila mtu anaifuta anaweka muziki. Flatlandi ina sauti zake, soli ikisugua tairi unasikia ule mkwaruzo mfupi mfupi, pegi zenye meno zikishika kiatu, breki ya mbele ikilia, na mtu wa kupampu ukimsikiliza karibu hakuna kitu, ni tairi tu kwenye sakafu. Nikifumba macho naweza kukwambia anayeendesha ni wa staili gani. Na sauti ni ushahidi pia, kiatu kikigusa chini kinasikika hata kama picha imeficha. Weka muziki ukitaka, ila acha sauti ya baiskeli isikike chini yake.

skafu_tu

PegiNne umemaliza, hasa hapo kwenye mkwaruzo. Naongezea nguo: suruali nyeusi, viatu vyeusi, pegi nyeusi, sakafu ya lami. Hapo hata upewe kamera ya sinema mguu hautaonekana. Viatu vyenye rangi tofauti na pegi vinasaidia mno.

KidoleGumba

Nimeanza kuelewa sasa, kumbe kuna mengi. Swali lingine, mimi nina simu tu na rafiki yangu anaendesha ananiomba nimrekodi kila mara. Niseti nini? Na nisimamishe simu au niilaze?

LenziNdefu

KidoleGumba simu inatosha kabisa, acha nikupe ninavyofanya.

Kwanza zima ile hali ya simu kujirekebishia mwanga yenyewe, bonyeza na kushikilia kwenye skrini mpaka ifunge fokasi na mwanga, kwa sababu mtu akizunguka kutoka kivulini kwenda juani picha inapumua, inang'aa inafifia inang'aa, inachosha macho. Rekodi fremu 60 kwa sekunde kama unataka nafasi ya kurudia taratibu baadaye, ukiziweka kwenye video ya fremu 24 zinakuwa spidi ya asilimia 40 na bado zinateleza vizuri. Fremu 120 zinakupa moja ya tano ya spidi, hiyo tumia kwa swichi moja tu. Mwanga uwe mwingi, maana ukiongeza fremu unapunguza muda wa kila fremu kupokea mwanga, jioni ikiingia picha inakuwa na chengachenga.

Simama au laza, inategemea staili. Mtu wa mzunguko wa kasi na triki za tairi moja ni mrefu na mwembamba kwenye picha, simu ya kusimama inamfaa kwa kweli, hapati nafasi ya bure pembeni. Mtu wa duara kubwa au mstari ulaze simu, la sivyo utakuwa unamkimbiza na kamera na anatoka kwenye fremu kila mara. Usivute zumu ukiwa unarekodi. Acha nafasi juu ya kichwa na chini ya tairi, na ile ya chini ndiyo muhimu, pale tairi linapogusa sakafu pasikatwe hata kidogo.

Urefu wa kamera: kiunoni au chini kidogo. Ukiiweka kwenye sakafu kabisa mtu anaonekana jitu ila duara linapotea, linakuwa mstari, hujui tena anaenda au anarudi. Ukiiweka juu sana, mfano unarekodi kutoka ghorofani au kwa droni, unaona duara lote vizuri ila mwili unafupika na ile hatari ya kubalansi inaisha, anaonekana anazunguka tu kama ulivyosema mwanzoni.

Mzungusho

Wakuu mimi ni wa duara la kubana, na kuna jambo hamjaligusa: kamera inayotembea. Kuna jamaa wanapenda kumzunguka mwendeshaji wakiwa na gimbali (kishikio cha kutuliza kamera). Inapendeza, ila wanasahau kwamba ukimzunguka mtu kwa upande uleule anaozungukia, spidi yake kwenye video inapungua. Ni hesabu ya kawaida, wewe umeondoa sehemu ya mzunguko wake. Ukimzunguka kinyume spidi inaongezeka, anaonekana mkali kuliko alivyo. Nimeshaona watu wanasifiwa spidi ambayo ni ya mrekodi, na wengine wenye spidi kweli wanaonekana wanasinzia. Kwa staili yangu mimi nataka kamera itulie, tripodi au mikono miwili imara, niache mimi ndiyo nizunguke.

Kitu kingine, wa kasi wanaangaliwa mikono zaidi ya miguu. Kwenye taimu mashini ugumu uko pale mkono unapoachia usukani kwenda kutafuta pegi ya mbele, vidole vinashuka huku mwili wote unalala nyuma kubalansi, ukichelewa kidogo tairi la mbele linashuka na umekwisha. Kamera ikiwa mgongoni kwangu wakati huo hakuna mtu atakayejua nimefanya nini. Na kwa kuwa nazunguka, mgongo utakuja tu, kwa hiyo lazima mimi na mrekodi tukubaliane nianzie pembe ipi ili mkono uende nikiwa nimemwelekea.

TairiLaMbele

Mzungusho hii ya kuzunguka kinyume sikuwahi kuisikia ikielezwa wazi hivi, asante sana. Ndiyo maana nasisitiza mrekodi wa flatlandi lazima ajue kombo kabla haijaanza. Kwenye michezo mingi unaweza kumfuata mtu kwa macho ukapata kitu, huku hapana, ukisubiri uone ndiyo usogee umeshachelewa. Mimi namwomba mtu apite taratibu kwanza bila kurekodi, ananionyesha kwa mkono hapa naingia, hapa nabadilisha, hapa natoka.

Kamera ya kutembea naiona ina haki sehemu moja tu, mstari ulionyooka. Mtu anaingia kwa spidi, anabingiria mbali, hapo ukitulia atakuwa mdogo kama sisimizi mwishoni. Tembea naye sambamba, upande wa pegi anayotumia kama dada PegiNne alivyosema, umbali uleule, kama una skeitibodi au viatu vya magurudumu vizuri zaidi maana hatua zako hazitikisi picha.

ZamaZaVHS

Na mashindano je? X Games, yale mashindano makubwa ya michezo ya hatari ya Marekani, walikuwa na flatlandi mpaka 2003 halafu wakaiondoa. Sababu zao sizisemei ila kwa macho yangu televisheni haikuwahi kuijulia, walikuwa wanakatakata kati ya kamera tatu nne ndani ya kombo moja, mara uso, mara watazamaji, mara tairi, mtu wa nyumbani angeelewaje. Kwenye Olimpiki BMX ya paki (ile ya rampu) imeingia kwenye michezo ya Tokyo ila flatlandi bado iko nje. UCI, chama cha baiskeli cha dunia, angalau wameipa nafasi, ilikuwepo Glasgow 2023 kwenye mashindano ya dunia ya baiskeli.

PegiNne

Kwenye mashindano mimi ningetaka kamera moja kuu isiyokatwa, upande wa majaji, ambayo anayetaka anaichagua na kuangalia zamu nzima. Nyingine waweke wanavyopenda. Kuna kitu kwenye zamu ya mashindano ambacho klipu haina, mtu akikosa na kugusa chini unaona anavyojipanga upya, anavuta pumzi, anaamua arudie ileile au abadilishe. Hapo pia kuna staili. Waendeshaji kama Terry Adams na Viki Gomez ukiwaangalia zamu nzima unajifunza vitu ambavyo klipu zao za sekunde kumi hazikupi, hasa namna ya kujaza sakafu, wanavyoitumia pembe moja halafu wanahamia nyingine.

skafu_tu

Hiyo ya kamera moja isiyokatwa naiunga mkono mia. Na zile klipu za mtandaoni, tusikate mwisho. Watu wanakata pale triki ya mwisho inapokamilika, hatuoni akitoka. Kutoka ni sehemu ya kombo! Kama hukutoka umekaa kwenye baiskeli na miguu kwenye pedali, bado hujamaliza.

KidoleGumba

Nimemtumia rafiki yangu huu uzi, kasema anaanzia pegi ya kushoto, anazungukia kushoto duara kubwa, bila breki, anamalizia na mzunguko wa kubana palepale katikati. Nisimame wapi sasa maana ni staili mbili kwenye kombo moja?

LenziNdefu

Akizungukia kushoto, pegi ya kushoto iko upande wa ndani, kwa hiyo ingekuwa duara peke yake ungeweza hata kukaa katikati. Ila kwa kuwa anakuja kumalizia hapohapo katikati utakuwa umesimama kwenye njia yake, atakugonga au atakwepa na kombo itaharibika. Kaa nje ya duara, laza simu, jua liwe nyuma yako au pembeni, na simama upande wa pili wa duara kutoka pale anapofanyia swichi, ili anapoifanya upande wake wa ndani uwe umekuelekea wewe. Akianza kubana usimsogelee, acha tu abaki katikati ya fremu. Mwambie akuonyeshe kwanza anapobadilisha, weka alama ya chaki, halafu ndiyo uchague pa kusimama.

KidoleGumba

Chaki ninayo. Tunaenda kesho asubuhi jua likiwa bado chini, nitaleta klipu nzima humu, bila kukata na sauti yake.